Gari Lisilosikika Langoni

Nyumbani kwa Baba,
Nyuma ya soko.
Jumapili mchana.

Mpendwa kaka yangu,

Hujambo huko uliko? Wifi na watoto hawajambo? Na lile goti limepona, au bado unachechemea kama mzee, na mvi zenyewe ndiyo kwanza zinaanza? Sisi wazima. Baba anakula vizuri. Macho ya Mama ni yaleyale, anaona mwanga na vivuli tu, na hospitali hataki hata kuisikia. Masikio yake ndiyo bado ya msichana.

Nimeandika badala ya kupiga kwa sababu unaijua simu ya nyumba hii. Baba anaiweka sauti ya juu, kila mtu anasikiliza, na mwishowe tunaongelea mvua.

Ni hilo gari, kaka. Ulisema tuchague la Kijapani, la familia, lisilosumbua wala kula mafuta, nawe utalilipia. Yamebaki mawili. Lile la petroli tupu, fundi wetu analijua nje ndani na spea zake zimejaa kila duka. La pili linatumia umeme na petroli, na fundi huyohuyo anasema hilo halinywi mafuta, linanusa tu. Sibishi. Muuzaji amemwachia Baba alijaribu hadi Jumatano, na Baba amelipenda kupita kiasi. Analifuta vumbi hata pasipo na vumbi.

Tatizo ni kwamba halina sauti. Likienda polepole hulisikii kabisa.

Unalikumbuka gari letu bovu na ekzosi yake iliyotoboka, ulivyokuwa ukiona aibu kushushwa nalo shuleni. Fundi ameomba kuiziba miaka nenda rudi, Baba anakataa, nasi tukamwita bahili. Kumbe alikuwa na sababu, ila sasa naona ameisahau mwenyewe. Mama hukaa pale kwenye njia ya gari, kati ya lango na ukuta, maana ndipo jua linapomfikia magoti. Akilisikia lile bovu likikata kona ya saluni, anainuka, anasogeza kiti, anafungua komeo na kusimama pembeni. Hiyo ni kazi yake, hampi mtu. Na Baba, kwa vile uwanja ni mwembamba, huingia kinyumenyume.

Tangu gari jipya lije, lango linaachwa wazi, kwa kuwa Mama halisikii likifika.

Uliambiwa kiti cha Mama kilivunjwa na upepo. Si upepo. Ijumaa Baba alikuwa anarudi nyuma, na Mama amekaa palepale, uso kauelekeza juani, anasubiri kusikia. Jirani yetu mshonaji ndiye aliyepiga kelele, "Mama, inuka! Gari!" Mama akajitupa ukutani, kiti kikabaki chini ya bampa. Mimi nilikuwa na beseni la nguo mkononi, sikuwahi hata kuita. Sijawahi kuogopa vile.

Baba alishuka mbio. Kisha akaanza kunieleza habari za kamera ya nyuma, eti ilikuwa na tope, ataifuta. Aliyetutuma tuseme upepo ni Mama mwenyewe. Alinishika mkono akasema, "Mkimwambia mwanangu, mtaniweka ndani kama kabati. Na lango atafungua nani?" Nikanyamaza, na nimejuta.

Baba anasema atazoea. Mama naye anasema atazoea, eti anasikia matairi. Jana Baba alipotoka nilimwona Mama ameinamisha kichwa, anasikiliza kwa makini. Gari lilikuwa limeshapita kona. Akaniuliza, "Ameshawasha?"

Kaka, neno la mwisho ni lako. Mwambie Baba unataka lile la petroli. Sema spea, sema barabara mbovu, sema lolote, ila usitaje kiti. Mafuta litakula zaidi, acha liyale tu. Barua hii anakuja nayo mtoto wa shangazi, anasafiri kesho alfajiri. Ukimaliza kuisoma piga simu, usingoje Jumatano.

Shangazi anakusalimu na anasema umenenepa kwenye picha. Fundi anakusalimu, na mshonaji pia. Mbusu wifi na watoto. Mungu akutunze huko, na hawa wawili atutunzie hapa.

Mdogo wako anayekupenda na kukuombea,
Kitindamimba.

Kaka, nilikuwa nakunja karatasi. Baba ametoka kwenda kuliosha gari, lango liko wazi. Nimechungulia dirishani nikamwona Mama ameshakaa njiani na kiti kipya. Amekataa kuondoka. Basi nimeleta changu nikakiweka nyuma ya chake, upande wa lango, na ndipo ninapoandikia, karatasi iko magotini. Nikimsemesha ananinyamazisha, anasema anataka alisikie likija.