Maagizo ya Kazim Kuhusu Difu

Shigar, Jumatatu asubuhi

Kaka yangu mpenzi Kazim,

Pokea salamu zetu sote, tukitumaini zinakukuta mzima na kwamba joto la Karachi bado halijakuyeyusha. Huku tu wazima. Kifua cha mama kimepoa, na anauliza kama unakula chakula au unashindia chai. Baba naye ni mzima ila sauti imemkauka kwa kusimulia. Anachosimulia ndiyo habari yenyewe, kaka, kwa hiyo kaa chini. Tumemaliza mbio za mchangani! Tena hatukumaliza tu, tumekuwa wa tatu! Kati ya magari ishirini na sita, pikapu yetu ile ile uliyokuwa ukiiita marehemu!

Aibu ya mwaka jana ulisimuliwa. Tulikwama kwenye kilima cha pili mbele ya watu wote, tairi la nyuma la kulia likizunguka kama pia na la kushoto limetulia kama mgeni anayengoja chai. Jirani yetu Haji Mehdi alipita na gari lake jeupe, akatoa kichwa dirishani akapaza sauti: "Batul, liamsheni na hilo la pili!"

Basi majira ya baridi yote nilikuwa nakisoma kile kitabu chako cha ufundi, chenye alama za vidole vyako vya mafuta kila ukurasa. Nikaelewa kwamba difu yetu ya kawaida, lile bonge la gia linalogawia matairi ya nyuma nguvu, huipeleka kule kwenye wepesi, na kwenye mchanga wepesi ni tairi linaloelea. Iko ya aina nyingine, yenye sahani za chuma zinazobanana ndani yake, na hiyo haikubali tairi moja licheze peke yake. Nikaagiza moja kwa muuza vyuma vikuukuu wa Rawalpindi. Ilifika na basi, imefungwa ndani ya gunia la vitunguu, na mimi nikaipakata kama mtoto. Sahani zake zilikuwa zimelika, nikamwagiza mpya.

Tukaanza, mimi na baba. Tulimwaga oili, tukachomoa ekseli zote mbili, tukafungua propela inayoleta nguvu ya injini nyuma, kisha tukaishusha difu ya zamani, nzito kama dhambi. Gia kubwa ya meno nikaihamishia kwenye difu mpya, nikikaza bolti kwa kukingamanisha, moja huku na nyingine upande wa pili. Meno nikayapaka rangi ya njano na kuyazungusha ili nione yanakutana wapi. Yalikutana ukingoni. Nikafungua, nikabadilisha pete nyembamba za pembeni, nikafunga, nikapaka tena. Mara nne, kaka! Mara ya nne alama ikakaa katikati ya jino, nikapiga kelele mpaka mama akatoka na unga mikononi akidhani nimekatika kidole.

Tulipoinua nyuma kwa jeki na kuzungusha tairi moja kwa mkono, la pili likazunguka nalo upande ule ule. Zamani lilikuwa likienda kinyume. Baba alilitazama kama mtu anayeona mbuzi akisoma. Akasema, "Lizungushe tena." Nikalizungusha. "Tena."

Furaha ilidumu mpaka kona ya kwanza. Gari lilianza kutetemeka mkiani na kukoroma krr-krr-krr kama mbwa anayetafuna mfupa. Njia iliyonyooka lilikuwa kimya, ila ukikata kona tu, kelele. Haji Mehdi alikuwa amesimama penye mfereji. "Jamani, mmefunga difu au mashine ya kusaga?" Baba alishuka akaufunga mlango kwa kishindo. Alisema kesho tunarudisha ya zamani, na mbio zilikuwa zimebaki siku kumi na mbili.

Nilimwomba siku mbili. Nikaitoa tena difu, nikakagua meno, mazima. Beringi zilikuwa nzima. Nikakaa juu ya ndoo nikiwa karibu kulia, nikalichukua kopo la oili nilisome, basi tu. Hapo ndipo damu ikanichemka! Nilikuwa nimemimina oili ya gia ya kawaida, na sahani zile nilikuwa nimezipanga kavu. Aina hii inataka zilowe kwanza, na inataka oili yake yenye dawa ya kuzifanya ziteleze polepole badala ya kunatana na kuachana. Oili hiyo nikaipata Skardu. Nikazilowesha, nikafunga, kisha nikaenda kwenye uwanja wa polo kuchora tarakimu ya nane kwa gari, taratibu, mara ishirini, ili zizoeane. Watu walikaa ukutani wakicheka kwamba Batul anatikisa maziwa apate siagi. Kufikia nane ya kumi mkoromo ukapungua, na ya kumi na tisa nilizima redio nisikilize vizuri. Kimya!

Siku ya mbio baba aliendesha, mimi nikakaa pembeni kusoma njia. Kwenye kilima cha pili tairi la kulia likanyanyuka hewani. Nilifumba macho. Halafu nikasikia mgongo wa kiti ukinisukuma, kwani la kushoto liling'ata mchanga likatupandisha, na baba akawa anapiga usukani akiimba! Kileleni tulimpita Haji Mehdi akichimba kwa koleo. Kombe tulilopewa, mama ameshalitilia kokwa za aprikoti.

Sasa kaka, kuna jambo siwezi kukuambia kwa simu, maana simu ya nyumba hii huongelewa kwa spika. Siku ya kwanza baba alikataa gari kufunguliwa mpaka wewe useme. Nikatoka nje na simu, nikazunguka zizi la mbuzi bila kukupigia, nikarudi nikasema, "Kazim anasema tufungue." Ikawa hivyo kila hatua. Kazim anasema tuoshe vyuma mara mbili, Kazim anasema tupake rangi, Kazim anasema tubadilishe pete. Gari lilipokoroma baba alikutukana wewe, na mimi nikanyamaza, ilhali kosa la oili lilikuwa langu. Na tulipopewa kombe aliwaambia watu wote kwamba mwanawe amelitengeneza gari akiwa Karachi. Nisamehe.

Jana nilimweleza baba kila kitu. Aliendelea kunywa chai yake ya chumvi, kisha akasema, "Kazim ambaye hajawahi kuosha hata kikombe, eti anaagiza vyuma vioshwe mara mbili! Nilijua siku ile ile." Nikamuuliza mbona hakusema. Akasema alitaka kuona Kazim huyo mpya atafika wapi. Kisha akanitazama. "Mwandikie upesi, binti yangu, kabla watu hawajampigia kumpongeza akapasuka kwa majivuno."

Kwa hiyo wakikupongeza, wewe sema ukweli. Mama anakubusu paji la uso, na baba anasema uje wakati wa aprikoti. Mungu akulinde huko uliko.

Mdogo wako akupendaye,
Batul