Baka Lisilohisi Pamba

Dada Rehema, shikamoo.

Huku Dutwa jua linachoma na pamba imepasuka mashambani. Jana zahanati alikuja Mama Limi, mkulima mwenye baka jeupe mkononi. Miaka miwili amelipaka dawa ya fangasi, na mama mkwe wake, aliyemsindikiza, alishikilia kwamba amelogwa.

Nikalipiga picha kwa simu. Programu ya akili mnemba tuliyopewa ikataja ukoma kwanza. Sikuridhika na simu peke yake. Nikamwambia afumbe macho, nikaligusa baka kwa pamba.

"Ukihisi, sema."

"Mbona huanzi, daktari?"

Nilikuwa nimeshagusa mara tatu. Hapo sikuwa na shaka tena. Nikamweleza kwamba ugonjwa huu unapona, dawa ni za bure, na amewahi kabla vidole havijapinda. Akalia, kisha akacheka.

Mama mkwe akapandisha kanga, akanionyesha baka gotini.

"Basi nipime na mimi, mjukuu wangu."

Baka lake nalo lilikuwa na ganzi. Waliondoka na dawa wote wawili, wameshikana mikono.

Nakuwekea michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa. Wabusu watoto, nawe kwa ujauzito huo usibebe ndoo nzito.

Mdogo wako,
Neema