Boma Chini ya Kitambaa

Rodi Kopany,
Jumapili jioni.

Wifi yangu Nyatichi,

Pokea salamu zangu nyingi, mke wa kaka yangu. Huku mimi ni mzima, ila mgongo tu, na mgongo wa fundi cherehani hauhesabiwi kuwa ugonjwa. Wewe je, hapo Migori mlikohamia unakula? Mama yako amepata nafuu ya miguu?

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama. Unasema umefunga nguo zako, unarudi kwenu Kehancha, kwa sababu Boaz hupotea kila Jumamosi na hasemi anakokwenda, na kwa sababu tangu tumzike mtoto wenu Beverly, hajamtaja kwa jina hata siku moja. Hata ziwa lilipopanda Kendu Bay likameza boma letu pamoja na kaburi la mtoto, unasema alitazama tu kama mtu anayetazama shamba la jirani. Wifi, sikulaumu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na mimi nilikuwa wa kwanza kukuambia unyamaze. Lakini kabla hujapanda gari, soma hii mpaka mwisho.

Miezi michache iliyopita alikuja Homa Bay mama mmoja Mholanzi, mzee wa miaka sabini na kitu, akatualika mafundi tukaone kazi zake na za wenzake wa kwao. Wanaziita kwilti. Nilienda kwa ubishi, maana niliambiwa ni mablanketi ya viraka, na viraka mimi nimelelea watoto wanne. Yawa! Nilipoingia ule ukumbi nilisahau kufunga mdomo.

Zimetundikwa ukutani, Nyatichi. Juu ni vipande vilivyounganishwa, katikati pamba, chini bitana, halafu sindano inapita tabaka zote tatu, mshono ubavuni mwa mshono, mpaka kitambaa kinainuka na kubonyea kama shamba lililolimwa. Moja ilikuwa mvua tupu, vipande vya kijivu ambavyo mimi ningevifagia nje, na ukisimama mbali unatamani ukimbie kuanua nguo. Mama mmoja aliuliza kama usiku zinashushwa watu wajifunike. Tulimcheka, lakini mimi nilifanya vibaya zaidi. Nilifunua moja nione nyuma, maana kazi ya fundi hujulikana kwa nyuma. Mholanzi akanijia mbio, nikajua leo nafukuzwa. Kumbe alikuja kuigeuza mwenyewe! Nyuma ilikuwa safi kama mbele. Haki nilimshukuru Mungu kwa kunipa macho.

Ya mwisho ndiyo iliyonikalisha chini. Ni kijiji kilichofunikwa na bahari yeye akiwa mtoto mdogo. Nyumba, miti, uzio, hata ng'ombe, vyote vimeshonwa, kisha juu yake ametandaza kitambaa chembamba cha buluu, kama shela ya bibi harusi. Kijiji kiko chini ya maji na bado unakiona. Watu wa Kendu Bay walianza kulia, na safari hii hakuna aliyewaambia wanyamaze. Mholanzi alitueleza kwamba kabla ya kushika mkasi alizunguka kwa wazee waliobaki, akiwauliza mlango wa nani ulitazama wapi.

Nilirudi nikamsimulia Boaz kwa simu. Aliniaga akakata simu, nikaudhika.

Sasa navunja ahadi niliyomwapia. Jumamosi iliyofuata alikuwa mlangoni pangu, na kila Jumamosi tangu hapo anakaa kwenye kiti cha wateja, anashona. Hakuna mwanamke mwingine, wifi, ni mimi tu dada yake na cherehani. Anaona aibu, mwanamume na sindano, ndiyo maana hataki ujue mpaka iishe. Tunashona boma letu. Mimi nilikuwa nimesahau mengi, yeye hajasahau hata kamba ya nguo, hata jiwe ulilokalia ukimnyonyesha mtoto. Naruhusiwa kushona vyote isipokuwa kaburi. Hilo ni lake. Mishono yake imekwenda kombo kama kuku aliyepita kwenye unga. Nilijitolea kuifumua, akanitazama kwa jicho ambalo sijaliona tangu utotoni, nikarudi kwenye sare zangu za shule. Kitambaa cha maji bado kimekunjwa. Anasema hawezi kumfunika mtoto kwa maji mara ya pili, si akiwa peke yake.

Na akilishona lile kaburi, anaongea. Anamwita Beverly, kwa sauti, mbele yangu. Humpa habari za nyumbani. Jana alimwambia kwamba mama yake amefunga nguo, na kwamba baba hajui aseme neno gani ili asiende.

Msalimie mama yako. Jumamosi nitaacha mlango wazi.

Ni mimi wifi yako nisiyejua kutunza siri,
Filister