Asisubiri Ruhusa

Kambini, njia ya Utete
10 Julai 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, hofu ni kwako na kifua chako. Huku simu hazishiki, ndiyo maana nampa Bashiru wa bodaboda barua hii.

Nimepanda cheo, baba! Mama Elinipendo, mwenye farasi, amenipa usimamizi wa dharura. Wageni watapanda farasi porini siku tatu mpaka karibu na Kibiti, na farasi akiumia, wa kuamua ni mimi. Nimefundishwa kuchoma sindano, hata ile ya kumpumzisha milele aliyevunjika mguu, maana farasi wa hivyo haponi. Nimesaini karatasi iliyoandikwa, "Msimamizi asisubiri ruhusa." Kuna jike mmoja, Lulu, hunipekua mifukoni akitafuta muhogo. Niombee dua.

Mwanao,
Mohamedi

Umwe
13 Julai 2024

Mwanangu Mohamedi,

Marahaba. Kifua kinakwenda hivyo hivyo, alhamdulillahi. Yasmini wa jirani ndiye anayeniandikia. Anacheka eti mtoto wa mkulima wa mpunga kawa daktari wa farasi.

Nimefurahi, lakini karatasi ni karatasi. Farasi wale ni amana. Mali ya mtu usiitoe roho mpaka mwenyewe atamke. Unamkumbuka mbuzi wa Mzee Saidy aliyegongwa barabarani? Hatukumgusa mpaka mwenyewe alipofika, na hakuna aliyetunyooshea kidole.

Baba yako,
Fikirini

Kambini
2 Agosti 2024

Baba,

Shikamoo. Nisamehe kwa kimya hiki. Mwili wangu mzima.

Lulu amekufa. Siku ya pili ya safari, saa nne asubuhi, tulikuwa tunakatisha bonde lililofurika masika. Tope limekauka likaacha nyufa; mguu wake wa mbele ukazama humo, ukavunjika. Mgeni aliyempanda hakuumia.

Sindano nilikuwa nayo. Nikakumbuka amana. Nikamtuma Bashiru, aliyekuwa akitubebea maji kwa pikipiki, aende Kibiti kwa Mama Elinipendo. Alirudi saa kumi na moja jioni. Muda wote huo nilimfungia Lulu turubai la kivuli, nikamnywesha maji kwa kiganja. Mama alikuwa amemwambia Bashiru, "Ananiuliza mimi ya nini? Si alisaini?" Ndipo nikamchoma. Haikuchukua hata dakika mbili.

Hawajanifukuza. Hawanisemeshi tu.

Mwanao,
Mohamedi

Umwe
9 Agosti 2024

Mwanangu,

Marahaba. Nimemwomba Yasmini anisomee barua yako mara mbili, nangoja mahali utakaponilaumu. Sikupaona, na hilo limeniuma zaidi. Kosa ni langu. Hata yule mbuzi alilia sana siku ile, ila wewe ulikuwa mdogo, nami sikukusimulia.

Jana nilikwenda Kibiti kumwomba radhi Mama Elinipendo. Anasema kazi yako ipo. Ishike, na siku nyingine usimtume mtu.

Baba yako,
Fikirini

Kambini
20 Agosti 2024

Baba,

Shikamoo. Nashukuru kwa kwenda, na kifua hicho.

Mfuko wa dawa nimeurudisha. Amepewa Theodory, mwenzangu wa hapa kambini. Nimemsomea ile karatasi, na pale pa "asisubiri ruhusa" nikarudia mara tatu mpaka akakasirika. Nakuja nyumbani tulime.

Sikulaumu, wallahi. Ila kuna jambo sikukuandikia. Njia ile hupita pikipiki za wachoma mkaa. Kila moja iliposikika kwa mbali, Lulu aliinua kichwa akanitazama, nami nikamwambia, "Haya, wamefika." Aliniamini mpaka jioni.

Mwanao,
Mohamedi