Siku ya Kukimbia Polepole

Mjukuu wangu Chebet,

Huku Kimumu hatujambo, na ng'ombe wa nyanya yako amezaa.

Umeniuliza kama kutembea dakika kumi kisha kupumzika ni mazoezi kweli, vile huo ugonjwa wa neva, multiple sclerosis, unakuchosha miguu. Nikiwa kijana, kikundi chetu cha wakimbiaji kilikuwa na siku ya kukimbia polepole makusudi, hata akina mama wa maziwa walitupita. Niliona aibu, nikachomoka mbele. Jumamosi kwenye mashindano miguu ikagoma, nikaketi kando ya barabara huku wale wa polepole wakinipita mmoja mmoja.

Ukija likizo tutatembea hadi langoni, tuketi, turudi. Benchi nimeshaweka. Ukiona nimepunguza mwendo, usidhani nakungojea. Niko mazoezini.

Ni mimi, babu yako.