Sura Yangu Katika Picha Yako ya Mwisho

Mpendwa Papa,

Jana tuliifunua. Tangu tukuzike, picha ya mwisho uliyoichora ilikaa sebuleni hapa Matonge, mtaa wetu wa ugenini, imefunikwa kitenge cha Maman, nami nikipita kando yake kama anayepita kando ya mbwa mkali.

Unajua kwa nini niliogopa. Kila aliyekuudhi ulimlipizia kisasi kwa brashi. Mwenye nyumba alitokea akiwa Yuda, na kitambi chake vilevile. Tonton, mdogo wako, mpaka leo anamchapa Yesu mijeledi ukutani kwa kinyozi wa barabara ya Chaussée d'Ixelles, na wateja wanamcheka.

Nasi tuliachana vibaya. Ulikuwa umelewa, unamfokea Maman, umeinua kiti. Nikasimama kati yenu, nikakushika mkono. Ukanikazia macho: "Bon. Weye utajiona mu tableau, mu picha yangu." Mwezi haukuisha, moyo wako ukasimama.

Nilijua unaiga picha ya mwisho ya yule mchoraji wako Mtaliano wa zamani, mgomvi aliyeua mtu akaishi akikimbia. Ulinionyesha kitabuni tangu nikiwa mdogo: mfalme aliyekataliwa posa anamfuma bikira mmoja mtakatifu mshale kifuani, kwa karibu kabisa. "Ona, hakuna malaika," ulikuwa ukisema. "Iko bantu tu, binadamu kama siye, na giza." Basi nikaamini huyo mfalme atakuwa na sura yangu.

Maman ndiye aliyevuta kitenge. Nilifumba macho. Nikamsikia anacheka, halafu analia.

"Fungua macho, mutoto. Huyu wa upinde njo baba yako!"

Kweli ni wewe, Papa. Pua yako, ndevu zako, hasira yako yote. Mtaliano wako alijichora nyuma, anachungulia. Wewe umesimama mbele, na upinde mkononi. Mtakatifu ni Maman. Na anayenyoosha mkono kuuzuia mshale ni mimi. Umenipendezesha hata kuliko nilivyo.

Nilikaa sakafuni nikahema. Hukufa ukiwa umenikasirikia! Mzigo huo umenitoka, Papa, na jana nililala kama mtoto mchanga.

Tonton alipoiona akanuna: "Miye alinichora mubaya, weye anakuomba pardon! Alors, c'est pas juste, hiyo si haki!"

Pumzika sasa, na usigombane na mtu huko. Mimi nimekusamehe. Maman anasema yeye bado anafikiria, lakini picha ameitundika chumbani kwake.

Binti yako