Swali la Muuguzi Lililohamishwa Mara Tisa

KIKAO CHA SITA (CHA DHARURA) CHA WASIMAMIZI WA JUKWAA LA MTANDAONI LA WAANDISHI WA PROGRAMU

Tarehe: Jumamosi, saa 4:00 asubuhi (kilianza saa 5:10)
Mahali: Chumba cha nyuma, dukani kwa Fundi Simu
Waliohudhuria: Mwenyekiti, Fundi Simu (msimamizi, chumba cha Wanaoanza), Mhasibu (msimamizi, chumba cha Programu za Kazini), Katibu
Hakuhudhuria: Shemeji wa Mwenyekiti (bila taarifa, kama kawaida yake)

KUMB. NA. 1/6: SWALI LENYEWE
Katibu alieleza kwamba aliyeuliza ni mdogo wake, muuguzi wa kliniki ya watoto. Ametengeneza programu ya kuwakumbusha kina mama siku ya chanjo, lakini ujumbe unataja siku inayofuata ile ya chanjo. Aliomba msaada Jumatatu, kabla ya chanjo ya Ijumaa. Ijumaa ilikuwa jana.

KUMB. NA. 2/6: MAHALI PA SWALI
Fundi Simu alieleza kwamba swali linahusu kazi, hivyo alilipeleka Programu za Kazini. Mhasibu alieleza kwamba muuguzi ni mwanafunzi tu wa kuandika programu, akalirudisha Wanaoanza. Hayo yalifanyika mara tisa. Kwa utaratibu wetu, swali likihamishwa hufungwa lisijibiwe mpaka chumba kipya kilipokee. Hakuna aliyelipokea.

Mhasibu aligusia mada yake iliyofutwa mwaka jana. Fundi Simu alimwomba asianze. Alianza. Dakika ishirini hazikuandikwa.

KUMB. NA. 3/6: JIBU
Katibu aliuliza kama kuna aliyelisoma swali. Fundi Simu alikiri kwamba kosa aliliona Jumatatu ile ile: mstari wa kumi na nne unaongeza siku moja ya bure, ufutwe, basi. Mhasibu alisema hata yeye aliliona. Katibu aliuliza kwa nini walinyamaza.

“Halikuwa chumbani kwangu,” alisema Fundi Simu.

Mhasibu alimuunga mkono, kwa mara ya kwanza tangu kamati iundwe.

KUMB. NA. 4/6: AZIMIO
Iliazimiwa jibu litolewe leo. Haikuafikiwa liwekwe chumba gani. Katibu, akiwa amekasirika, alimpigia mdogo wake simu mbele ya wajumbe.

“Kaka, kina mama wamekuja wote leo,” alijibu. “Kliniki nimeifungua mwenyewe, niko peke yangu. Jibu baadaye. Njoo unishikie watoto.”

KUMB. NA. 5/6: KUFUNGA
Katibu aliondoka saa 6:40. Kikao kilifungwa saa ambayo Katibu haijui.

Mwenyekiti: ....................
Katibu: (amesaini, kliniki)